Majani ya Mchungwa Yakigeuka Manjano

Nyumba nyingi za Kenya, za mjini na za mashambani, zina mti mmoja au miwili ya matunda uani: mchungwa, mlimau, mdimu, mchenza, mwembe au mparachichi. Miti hiyo hupandwa bila shauri kubwa, hunyweshwa maji yaliyobaki jikoni, watoto hucheza chini yake, na kwa miaka kadhaa haimsumbui mtu. Kisha siku moja mwenye nyumba huinua macho akaona ya kuwa majani hayana tena rangi yake ya kijani, bali yamekuwa manjano. Hapo ndipo mashauri huanza. Jirani wa kwanza husema mti una njaa, utiwe mbolea. Wa pili husema una kiu. Wa tatu huleta nyundo na misumari ya inchi nne, kwa maana alisikia ya kwamba mti hupenda chuma. Wa nne hana maneno mengi. Yeye amekuja na shoka.

Mashauri hayo, isipokuwa lile la misumari, yaweza kuwa kweli kwa mti mmoja na yakawa uongo kwa mti wa pili. Manjano si jina la ugonjwa. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili katika mwili wa mwanadamu. Homa yaweza kuletwa na malaria, au na jeraha lililooza, au na mafua tu, na daktari mwenye busara hatoi dawa kabla ya kuuliza maswali. Kwa michungwa na jamaa zake jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa miongoni mwa sababu za manjano iko moja isiyo na dawa kabisa, na mti wenye ugonjwa huo ukiachwa wima huwa chemchemi ya kuiambukiza michungwa ya kijiji kizima. Sababu nyingine karibu zote hutibika kwa fedha kidogo. Basi mtu akikosea upande mmoja, hukata mti ambao ungaliweza kupona kwa madebe mawili ya samadi. Akikosea upande wa pili, hununua mbolea msimu baada ya msimu kwa ajili ya mti usioweza kupona kamwe, na huku jirani zake wanaingia hasara pasipo kujua inatoka wapi. Mchungwa uliobebeshwa huchukua miaka 3 au 4 kabla haujaanza kuzaa vema, na mwenye kuungojea muda huo wote hapendi kukosea upande wo wote.

Lililo jema ni kwamba jani lenyewe hutoa ushahidi, na ushahidi huo wasomeka bila chombo cho chote ila macho na kalamu ya wino.

MAJANI YA ZAMANI AU MACHANGA?

Swali la kwanza ni manjano yameanzia wapi. Jani la mchungwa halikai mtini milele. Huishi mwaka mmoja au miwili, kisha hugeuka rangi na kuanguka. Ikiwa ni majani machache tu ya ndani yaliyoanguka, na huku ncha za matawi zina machipukizi ya kijani kibichi, mti haugonjwi. Mparachichi nao huangusha majani mengi wakati wa kuchanua maua, na watu wengi hushtuka bure.

Lakini ikiwa majani ya zamani ya mti mzima yamepauka kwa usawa, jani lote pamoja na mishipa yake, na majani mapya ni madogo na machache, mti una njaa ya nitrojeni. Hiki ndicho chakula kinachohitajiwa kuliko vyote ili majani yawe kijani, nacho mti waweza kukihamisha mwilini mwake. Ukikikosa ardhini, hukitoa katika majani ya zamani na kuyapa machipukizi, kama mama afanyavyo chakula kinapopungua nyumbani. Ndiyo sababu wazee huugua kwanza.

Njaa hii huonekana sana katika miti iliyozungukwa na nyasi, au iliyo karibu na mkalitusi, au ile ambayo mahindi hupandwa hadi shinani pake na kila msimu jembe hupita juu ya mizizi. Mizizi ya mchungwa ivutayo chakula ni midogo kama nyuzi, nayo iko karibu sana na uso wa ardhi. Mkulima anayelima kwa nguvu chini ya mchungwa wake, akidhani anausaidia, aukata midomo. Magugu ya mahali hapo yang'olewe kwa mkono au yakatwe kwa panga. Mwanzoni mwa mvua litandazwe debe moja au mawili ya samadi iliyooza vema, kisha majani makavu juu yake. Mwenye uwezo aweza kuongeza mbolea ya CAN, yapata nusu kilo kwa mwaka kwa mti uliokomaa, igawanywe mara mbili, mvua ndefu na mvua fupi. Isimwagwe shinani, bali katika duara lililo chini ya ncha za matawi, kwa maana huko ndiko iliko mizizi yenye kazi.

Iko njaa ya pili ya majani ya zamani, nayo ina alama ambayo mtu akiionyeshwa mara moja haisahau. Manjano huanzia kandokando ya jani na katikati ya mishipa, lakini kitako cha jani, pale lishikapo kikonyo, hubaki kijani kwa umbo la kichwa cha mshale. Hiyo ni njaa ya magnesi. Hupatikana katika udongo mkali wenye asidi, kama ule wa nyanda za juu zenye mvua nyingi, na katika miti iliyozaa sana mwaka uliopita. Dawa yake ya haraka ni chumvi ya haluli ipatikanayo katika maduka ya dawa. Vijiko viwili vya chai vikorogwe katika lita 1 ya maji, yakanyunyizwa juu ya majani jioni jua likiisha kupungua, na kurudiwa baada ya wiki chache. Dawa ya kudumu ni kupunguza ukali wa udongo kwa chokaa ya dolomiti, lakini udongo upimwe kwanza, kwani chokaa ikizidi huleta taabu nyingine kama itakavyoonekana hapa chini.

CHUMA KILICHOFUNGIWA ARDHINI

Ikiwa majani ya zamani ni ya kijani, na machanga ndiyo ya manjano, habari hugeuka. Chuma na zinki, vyakula viwili ambavyo mti huvihitaji kwa kiasi kidogo sana, havihami upesi kutoka jani la zamani kwenda jani jipya. Vikikosekana, ni watoto wanaozaliwa na njaa.

Mti ukikosa chuma, jani changa huwa la manjano, pengine karibu jeupe, lakini mishipa yake hubaki ya kijani hata ikafanana na wavu mwembamba uliochorwa kwa kalamu. Jambo hili ni la kawaida sana Pwani, ambako ardhi nyingi imelala juu ya mawe ya matumbawe, nayo matumbawe ni chokaa. Hutokea vilevile mijini, hata Nairobi na Nakuru, katika nyua za nyumba mpya, kwa sababu mti umepandwa pale pale ambapo fundi alikuwa akichanganya saruji. Ardhini chuma kimo tele. Lakini chokaa imekifunga, na mizizi haiwezi kukichukua, kama mtu mwenye njaa aliyeshika kopo la nyama asiwe na kifungulio. Hapa ndipo yaonekanapo makosa ya yule jirani wa misumari. Chuma cha msumari hakifiki katika majani, na tundu alilolitoboa ni mlango wa ukungu na wa wadudu wa kuozesha mti.

Katika ua wa namna hii yafaa kwanza kuchimbua vipande vya saruji na chokaa vilivyozikwa karibu na mti, kisha kutia mboji nyingi kila mwaka, maana mboji hulegeza kifungo hicho polepole. Kwa msaada wa upesi, wauzaji wa pembejeo wanayo mbolea ya chuma iliyotengenezwa ili isishikwe na chokaa, nayo huitwa chuma cha kileti. Mnunuzi aseme waziwazi ya kuwa udongo wake ni wa chokaa, kwa sababu ziko namna kadhaa na baadhi yake hazifai huko. Majivu ya jikoni, ambayo watu wengi huyamwaga chini ya kila mti wakidhani ni mbolea ya kila ugonjwa, huongeza ubaya katika udongo wa namna hii.

Njaa ya zinki hufanana kidogo na ya chuma, lakini majani machanga huwa membamba na madogo, yamesongamana ncha ya tawi, na manjano yake ni mabaka makubwa baina ya mishipa ya kijani. Hutibiwa kwa kunyunyiza dawa ya zinki juu ya majani machanga kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Sura hii ya zinki ikumbukwe, kwa maana ndiyo sura avaayo yule adui mkubwa anayekuja mbele.

MAJI, KAMBA NA MBUZI

Kuna manjano ambayo hayatoki katika chakula bali katika mizizi na gome. Mti wenye maji mengi na mti wenye maji haba hufanana kwa mbali. Yote miwili hunyauka, hupauka na kuangusha majani. Njia ya kuhukumu ni kuchimba shimo la kina cha nusu mita karibu na ncha ya kivuli cha mti, kulijaza maji, na kurudi kesho yake. Maji yakiwa bado yamo, mizizi inazama, na mizizi ya mchungwa ikikosa hewa huoza. Hapo mbolea haisaidii kitu. Unaohitajika ni mfereji. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga yakimwagwa mahali pamoja kila siku huacha chumvi ardhini, na ncha za majani huungua zikawa za rangi ya kahawia kabla ya jani zima kuwa manjano.

Mtu atazame pia shina. Gome la chini likiwa limepasuka na kutoa utomvu kama gundi, na likikwaruzwa kwa kisu laonekana limekufa na kuwa rangi ya kahawia, ni kuoza kwa shina, ugonjwa uletwao na kijidudu kiishicho katika udongo wenye maji. Hupenda miti iliyorundikiwa udongo au matandazo hadi shinani, na miti iliyopandwa chini mno hata pale ilipobebeshwa pakafunikwa. Sehemu hiyo yapasa kuwa juu ya ardhi yapata sentimita 30. Udongo uondolewe, gome bovu likwanguliwe mpaka kwenye gome zima, na jeraha lipakwe dawa ya shaba. Miparachichi nayo huuawa na ndugu wa kijidudu hicho. Majani hupauka na kuwa madogo, ncha za juu hukauka, na mizizi midogo ikichimbuliwa huonekana myeusi na kuvunjika kama njiti.

Tena kuna jambo moja dogo ambalo limeua miti mingi ya uani. Jani likiwa na mshipa wa kati wa manjano na huku nyama yake bado ni kijani, mara nyingi njia ya chakula imekatwa mahali fulani kati ya jani na mzizi. Mwenye mti afuate tawi hilo kwa mkono mpaka shinani. Huenda ataukuta waya wa kuanikia nguo uliofungwa miaka mitano iliyopita, sasa umezama ndani ya gome. Au ataikuta alama ya kamba ya mbuzi aliyefungwa hapo kila asubuhi, akazunguka, na gome likalika pande zote. Waya ukiondolewa mapema, tawi hupona.

UGONJWA USIO NA DAWA

Wachina waliuona ugonjwa huu zamani, wakauita kwa maneno yenye maana ya ugonjwa wa chipukizi la manjano. Afrika Kusini ulitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na wakulima wa huko waliuita tawi la manjano, na baadaye ugonjwa wa ukijani, kwa sababu matunda yake hukataa kuiva. Kwa miaka mingi watu wenye elimu walidhani ni taabu ya udongo tu, na miti ikaendelea kufa. Mwaka 1965 watafiti wa Afrika Kusini walithibitisha ya kuwa huchukuliwa kutoka mti hadi mti na mdudu mdogo. Kisababishi chake ni bakteria akaaye ndani ya mishipa ile ipelekayo chakula kutoka majani hadi mizizi. Mishipa huzibika. Wanga hujazana katika majani, mizizi hufa njaa, na mti mzima hufuata baada ya miaka michache.

Mdudu wa Kiafrika ana urefu wa milimita chache tu, na akiguswa huruka. Watoto wake hukaa chini ya jani changa, na pale walipokaa jani hufanya vishimo upande wa chini na vipele upande wa juu, alama ambayo hubaki hata baada ya wadudu kuondoka. Mdudu huyu na bakteria wake hawapendi joto kali. Kwa hiyo, katika Kenya, ugonjwa uliharibu sana michungwa ya nyanda za juu zenye baridi, na kilimo cha machungwa kikabaki kuwa kazi ya nchi za chini zenye joto, kama Makueni, Kilifi, Kwale na Tana River. Mtu wa Nairobi au wa Nyeri anunuaye machungwa ya Makueni, au yale ya Muheza katika Tanzania, labda hajui ya kuwa sababu moja ya kuyatoa mbali hivyo ni mdudu aliye mdogo kuliko punje ya mchele.

Watu wa nchi za joto waliweza kusema jambo hilo haliwahusu. Sasa hawawezi tena. Katika taarifa zilizochapishwa mwaka 2016 na 2017, wataalamu walieleza ya kuwa mdudu wa pili, yule wa Asia, amepatikana Tanzania na kisha Kenya. Huyu hapotezwi na joto. Hukaa juu ya jani ameinua mkia na kushusha kichwa, watoto wake hutoa nyuzi nyeupe kama nta, wala hawaachi vishimo katika jani. Bakteria wa Asia anayechukuliwa naye huvumilia joto kuliko yule wa Afrika. Madhara yake yanajulikana. Jimbo la Florida katika Marekani liliona ugonjwa huo kwa mara ya kwanza mwaka 2005. Msimu wa 2003 hadi 2004 lilivuna masanduku ya machungwa zaidi ya milioni 240, na msimu wa 2022 hadi 2023 halikufikisha milioni 20. Vimbunga na baridi vilichangia, lakini ugonjwa ndio uliokuwa mkuu.

KIPIMO CHA KALAMU

Je, mtu wa kawaida atautambuaje? Hapa ndipo kalamu inapohitajiwa. Njaa ya chakula cho chote hutendea pande mbili za jani sawasawa. Upande wa kushoto wa uti wa jani na upande wa kulia hufanana kama uso na kivuli chake ndani ya kioo. Ugonjwa huu haufanyi hivyo. Mabaka yake hutawanyika ovyo na kuvuka mishipa, upande mmoja ukiwa na manjano pale ambapo upande wa pili ni kijani. Basi jani lililokomaa lichumwe, na kwa kalamu ichorwe duara moja upande wa kushoto na duara nyingine mahali pale pale upande wa kulia. Rangi zilizo ndani ya duara hizo zilinganishwe. Jambo hili lifanywe mahali pawili au patatu katika jani moja, na katika majani kumi hivi. Yakifanana, yafaa kufikiri habari za mbolea. Yakitofautiana, yafaa kuwa na hofu.

Ushahidi mwingine hutoka katika matunda. Chungwa la mti mgonjwa huwa dogo, limepinda upande, na likikatwa kutoka kikonyo hadi kitako mhimili wake haukunyoka; mbegu nyingi ni nyeusi na tupu. Rangi huanza kuiva upande wa kikonyo na kitako hubaki kijani, kinyume cha desturi. Utamu wake hugeuka uchungu. Tena mara nyingi mwanzoni ni tawi moja tu lililoshikwa, na mti mwingine wote unang'aa kwa afya. Mwenye kuona tawi moja la manjano aangalie kwanza ule waya wa nguo. Asipouona, achukue kalamu.

Wako wanaotumia iodini, ile dawa ya kupaka vidonda. Jani hukwaruzwa kwa msasa, unga wake ukatiwa katika maji kidogo, na matone ya iodini yakaongezwa. Ikiwa maji yanakuwa meusi, wanga umejazana katika jani. Lakini jani lililofungwa waya nalo hujaza wanga, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi kuhukumu mti kifo. Uthibitisho kamili hutoka katika maabara. Majani kumi au zaidi yenye mabaka, pamoja na vikonyo vyake, yafungwe katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki ambamo huoza, yakapelekwe kwa afisa wa kilimo aliye karibu, au kwa KEPHIS, shirika la serikali liangaliealo afya ya mimea tangu mwaka 1996. Ni afadhali kumwita afisa aje kuuona mti, kuliko kumpelekea matawi yenye wadudu kwa matatu.

Ikiisha kuthibitishwa, hakuna mbolea, wala samadi, wala maji ya mwarobaini yatakayouponya mti. Madawa ya kuua bakteria yaliyodungwa katika miti ya nchi nyingine yalituliza ugonjwa kwa muda tu, ukarudi. Mti mchanga ung'olewe bila kusita. Kwa mti mkubwa wenye tawi moja tu lililoshikwa, wakulima wa Afrika Kusini hulikata tawi hilo chini sana na kuuchunguza mti kila msimu; kwa ugonjwa wa Kiafrika njia hiyo husaidia mara nyingine, kwa ule wa Asia haiaminiki. Kabla ya shoka kuguswa, mti unyunyizwe dawa ya wadudu iliyoruhusiwa kwa michungwa. Watu wengi hulisahau jambo hili. Mti ukianguka nao umejaa wadudu, wadudu hao hawafi pamoja nao. Huruka kwenda mchungwa wa jirani, wakiwa wamebeba ugonjwa mdomoni. Dawa isinyunyizwe wakati maua yamefunguka, kwa ajili ya nyuki. Jirani waarifiwe siku ile ile, na mti wa kari ambao majani yake hutiwa katika mchuzi uangaliwe pia, kwani wadudu hao huupenda.

Si kila mahali wadudu hao walishinda. Kisiwani Réunion, katika Bahari ya Hindi, waliletwa nyigu wadogo sana katika miaka ya 1970, ambao hutaga mayai yao katika watoto wa wadudu hao na kuwaua. Michungwa ya kisiwa hicho ikapata nafuu kubwa. Nyigu wa jamii hiyo wamo pia Afrika Mashariki, na mtu anyunyiziaye sumu kali kila wiki huwaua wao kwanza.

MICHE YA KUPANDA BADALA

Ugonjwa huu hausafiri kwa mdudu tu. Husafiri pia kwa mkono wa mtu abebeshaye. Kitawi kikitwaliwa katika mti mgonjwa, kila mche uliobebeshwa kwacho huzaliwa na ugonjwa ndani yake, ingawa kwa mwaka mmoja au zaidi waweza kuonekana mzuri. Kwa sababu hiyo mche wa bei rahisi kando ya barabara, usiojulikana mama yake, waweza kuwa ghali kuliko miche yote. Miche inunuliwe katika kitalu kilichokaguliwa, chenye wavu wa kuzuia wadudu, au katika vituo vya utafiti vya KALRO, kama vile Kandara, Mtwapa na Matuga. Muuzaji aulizwe vitawi alivitwaa wapi. Aliye mwaminifu hujibu bila kuudhika. Wala mtu asibebe miche kutoka wilaya yenye ugonjwa akaipeleka zawadi kwa wakwe zake.

Swali ambalo wakulima huuliza sana ni kama yawezekana kupanda mche mpya katika shimo lile lile. Hutegemea sababu ya kifo cha mti wa kwanza. Bakteria wa tawi la manjano haishi udongoni. Huishi katika mti ulio hai na katika mdudu. Kwa hiyo mti ukiisha kung'olewa pamoja na mizizi yake, hata isichipuke tena, mche safi waweza kupandwa msimu ufuatao, maadamu michungwa ya jirani ni mizima. Lakini ikiwa mti ulikufa kwa kuoza shina na mizizi, kijidudu chake kimo ardhini kinangoja. Hapo mchungwa, mlimau au mparachichi usipandwe mpaka mahali hapo pamechimbwa mfereji na kupumzishwa miaka kadhaa, au pandwe mgomba.